Kumpeleka mtoto nyumbani shule zikiwa wazi: mwongozo kwa wazazi walioko England

Simu ilikuja Jumapili jioni. Mdogo wangu wa mwisho anaolewa, Tanga, wiki ya pili ya Juni. Mahari imeshapokelewa, ukumbi umelipiwa, sare zimeshakatwa. Nikamwambia mama, "Lakini watoto wako shule." Akacheka. "Kwani shule itahama?"

Shule haikuhama. Tulikwenda, tukacheza, tukarudi, na baada ya wiki chache zikaingia barua nne kwa mpigo: mbili zina jina langu, mbili zina jina la mume wangu. Nilidhani wametuma nakala kwa makosa. Hawakukosea. Ulikuwa mwaka 2019, faini ilikuwa pauni 60 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na sisi tuna watoto wawili. Pauni 240. Ombi letu la ruhusa lilikuwa barua pepe ya mistari miwili, imetumwa siku nne kabla ya ndege.

Tangu hapo nimekaa na ndugu na majirani wengi kuandika maombi yao. Mengine yamekubaliwa, mengine yamegonga mwamba. Nilichokiona ni kwamba wengi wetu tunaponzwa na kuchelewa, halafu tunaandika kana kwamba mwalimu mkuu anajua mama mkubwa ni nani.

Kwanza: shule iko wapi, na mtoto ana miaka mingapi

Watu wa nyumbani huita huku kote Uingereza, lakini kwenye jambo hili kila sehemu ina utaratibu wake. Scotland na Ireland ya Kaskazini hazina notisi za faini za aina hii. Wales, mwalimu mkuu bado anaweza kuruhusu likizo ya hadi siku 10 kwa mwaka wa shule, na notisi zake ni pauni 60, zikicheleweshwa zinakuwa 120. Yanayofuata hapa ni ya England.

Angalia na umri. Sheria humbana mtoto kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5, na tarehe za kukatia ni 31 Agosti, 31 Desemba na 31 Machi. Mtoto aliyezaliwa Mei anaweza kumaliza mwaka mzima wa Reception, darasa la awali, akiwa bado hajafika umri huo, na kwa siku atakazokosa wazazi wake hawatozwi faini. Shule inaweza kununa, lakini notisi haiji. Kama una safari ya kumpeleka mtoto akaonekane kwa babu yake, huo ndio mwaka wake.

Sheria yenyewe, kwa ufupi

Utasikia wazee wa hapa wakisema, "Sisi tulikuwa tunapewa wiki mbili." Ni kweli. Hadi Agosti 2013 mwalimu mkuu aliweza kutoa hadi siku 10 kwa mwaka kwa ajili ya likizo ya familia, na watu wakazichukua kama haki. Tarehe 1 Septemba 2013 kipengele hicho kilifutwa. Sasa ruhusa hutolewa kwa "hali ya kipekee" tu. Kanuni mpya zilizoanza tarehe 19 Agosti 2024 zimeshikilia hapohapo, na mwongozo wa Wizara ya Elimu unasema kwamba, kwa kawaida, kutaka likizo au mapumziko si hali ya kipekee.

Kuna mzazi aliyejaribu kupambana. Jon Platt wa Isle of Wight alimpeleka binti yake Florida Aprili 2015, mtoto akakosa siku saba za shule, baba akagoma kulipa. Hoja yake: mtoto ana mahudhurio ya zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo anahudhuria "kwa kawaida" kama Sheria ya Elimu ya 1996 inavyotaka. Mahakimu wakamkubalia, Mahakama Kuu ikamkubalia. Tarehe 6 Aprili 2017 Mahakama ya Juu, majaji wote watano kwa sauti moja, ikasema kuhudhuria kunakotakiwa ni kule kunakofuata kanuni za shule. Kwa hiyo maneno ya "mwanangu hakosi shule" hayatakuokoa mahakamani. Yaweke kwenye ombi, huko ndiko yanakosaidia.

Hesabu ya faini, ipigwe mezani kabla ya tiketi

Shule huita majina mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, na kila mara huhesabiwa peke yake. Zikifika 10 za kukosekana bila ruhusa ndani ya wiki 10 za shule, yaani sawa na siku 5, shule inatakiwa kufikiria kama notisi ya faini inafaa. Si lazima zifuatane. Wiki hizo 10 zinaweza kuvuka muhula, hata kuvuka mwaka wa shule. Na mtoto akifika baada ya rejista kufungwa, hata kama yuko darasani saa nzima baadaye, hiyo nayo ni moja ya zile 10. Familia moja ninayoijua waliondoka siku nne tu wakiamini wako salama, wakasahau asubuhi mbili za mwezi uliotangulia ambapo gari liligoma kuwaka.

Notisi ya kwanza ni pauni 160, na ukilipa ndani ya siku 21 inakuwa 80. Mwisho wa kulipa ni siku ya 28. Ya pili, kwa mzazi huyohuyo na mtoto huyohuyo ndani ya miaka 3, ni 160 bila punguzo. Ya tatu haipo: halmashauri huchukua hatua nyingine, na moja ya hizo ni mahakama. Huko faini inafika pauni 1,000, na kwa kosa zito zaidi, la mzazi aliyejua anachofanya bila sababu ya msingi, inafika 2,500 au kifungo cha hadi miezi mitatu.

Sasa zidisha. Baba na mama, watoto watatu, mara ya kwanza, mmelipa mapema: pauni 480. Mkichelewa: 960. Na "mzazi" kisheria si aliyezaa tu. Mtu mwenye jukumu la kisheria juu ya mtoto, au anayeishi naye na kumtunza, yumo. Mama wa kambo yumo. Mjomba anayelea yumo.

Najua hesabu nyingine inayopigwa sebuleni: tofauti ya nauli kati ya katikati ya Juni na wiki ya mwisho ya Julai, kwa watu watano, inaweza kuimeza faini yote na chenji ikabaki. Sitakudanganya kwamba hesabu hiyo haina ukweli. Lakini kumbuka una notisi mbili tu katika miaka mitatu kabla mambo hayajawa ya mahakama. Ukiitumia ya kwanza kwa ajili ya nauli, siku msiba utakapokuja na mwalimu mkuu akasema hapana, unakwenda kwenye ya pili. Mimi ningeiweka akiba.

Na ule ujanja wa kukata siku nne kila muhula ili usifike 10? Wameshauona. Halmashauri inaruhusiwa kutoa notisi hata chini ya kiwango pale inapoona mzazi anakwepa kwa makusudi.

Kabla ya kuomba: igeuze kalenda

Pakua kalenda ya shule yenyewe, si ya halmashauri. Shule za akademi, ambazo haziendeshwi na halmashauri, hujipangia tarehe zao, na si ajabu shule mbili za mtaa mmoja zikapishana wiki nzima. Kisha tafuta siku za mafunzo ya walimu. Ziko tano kwa mwaka, watoto hawaendi shule, na nyingi huwekwa Jumatatu au Ijumaa jirani na likizo. Ukiunganisha siku hiyo na likizo ya nusu muhula unapata siku 10 mfululizo bila kumwomba mtu. Kwa Nairobi, ambako kuna ndege za moja kwa moja kutoka Heathrow, siku 10 zinatosha kwa shughuli. Kwa Tanga au Songea, ukitoa siku za kuunganisha ndege Addis Ababa au Doha halafu basi, unabakiwa na siku sita za kupumua.

Likizo ya Pasaka ni wiki mbili na wengi wanaidharau kwa sababu ya masika. Ni kweli mvua ipo, lakini watalii ni wachache pwani na nyumba za kufikia hupatikana kirahisi. Kiangazi ni wiki sita, ila wazazi wa Tanzania wasisahau jambo moja linalowaumiza watoto: likizo ndefu za shule za Tanzania ni Juni na Desemba. Mwanao akitua mwishoni mwa Julai, binamu zake wamesharudi shule, wanatoka na sare asubuhi yeye anabaki na bibi na televisheni. Ndiyo maana shinikizo la kwenda Juni halitakwisha.

Leicester wao wana bahati yao. Shule za huko hufunga mapema Julai kuliko sehemu nyingine nyingi, desturi iliyobaki tangu enzi za viwanda, na hurudi kabla ya wengine. (Mji huohuo, ukienda sokoni, usishangae mzee wa Kihindi akakujibu kwa Kiswahili. Wengi walifika pale baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972.)

Kuandika ombi

Hapa ndipo pa kukaa.

Ombi lazima lipelekwe kabla ya safari, na lazima litoke kwa mzazi ambaye mtoto anaishi naye kwa kawaida. Baba aliyetengana na mama, ambaye mtoto humtembelea wikiendi, akiomba yeye halitapokelewa. Mengi ya maombi huenda kwa fomu ya shule. Iombe ofisini au itafute kwenye tovuti. Kwa jambo linalojulikana tarehe yake, kama harusi, peleka angalau wiki sita mapema. Kwa msiba, peleka siku ileile uliyopata habari, hata kama ni usiku, kwa barua pepe.

Usinunue tiketi kwanza. Tiketi iliyolipiwa haihesabiki kama sababu, na ukiiambatanisha unamwonyesha mwalimu kwamba ulikuwa umeshaamua. Ukilazimika, nunua inayobadilishika tarehe.

Kinachopimwa ni kama jambo ni la nadra, ni zito, halikwepeki na ni fupi. Kwa hiyo jibu maswali hayo hata kama fomu haiulizi. Kwa nini tarehe hiyo na si Agosti? Nani amepanga tarehe? Kwa nini mtoto naye lazima awepo? Kwa nini siku hizo na si pungufu? Harusi ya ndugu wa tumbo moja ina uzito, hasa mtoto akiwa na kazi ndani yake. Harusi ya mtoto wa rafiki wa baba, sema ukweli, haina. "Bibi amewakumbuka" peke yake haitoshi. "Bibi ana miaka 84, amelazwa, daktari ameandika" inaweza kutosha. Ambatanisha karatasi: kadi ya harusi, barua ya hospitali, kibali cha mazishi.

Sasa ukoo. Ukiandika kwa Kiingereza, mama mkubwa anageuka shangazi wa kawaida, baba mdogo anageuka mjomba yeyote, na mlezi wako anakuwa mtu wa mbali ambaye mwalimu haoni sababu ya kumkosesha mtoto shule. Fomu haina nafasi ya mila zetu, kwa hiyo zieleze kwa sentensi moja iliyonyooka: amekulea, mlikaa nyumba moja miaka mingapi, wewe una wajibu gani kwake. Vilevile eleza msiba. Wao hufikiria msiba ni saa moja kanisani. Kama ni Mwislamu, marehemu atakuwa amezikwa kabla hujafika uwanja wa ndege, na mwalimu atauliza unakwenda kufanya nini mazishi yameshapita. Mwambie: kuna matanga, kuna hitima, kuna mirathi inayokaliwa na familia, na kutofika ni jeraha lisilopona.

Hivi ndivyo tulivyomwandikia jirani, kabla ya kutafsiri:

"Mwalimu Mkuu, naomba ruhusa kwa mwanangu wa darasa la nne, kuanzia Alhamisi hii hadi Jumatano ijayo, siku 5 za shule. Jana amefariki Dodoma dada mkubwa wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka 3, na huyu ndiye aliyenilea hadi nilipoolewa. Kwa taratibu zetu mimi ni mtoto wake, na natakiwa kuwepo mazishini Jumamosi na siku za matanga. Mume wangu anafanya kazi za usiku, hakuna wa kubaki na mtoto. Tunarudi Jumatano, na Alhamisi atakuwa darasani. Mwaka huu hajakosa hata siku moja bila ruhusa. Naomba kazi atakazokosa ili azifanye huko. Naambatanisha ujumbe wa familia wenye ratiba ya mazishi."

Lilikubaliwa, siku zote 5. Mwalimu mkuu pia anaweza kukubali nusu: umeomba 8, amekupa 3. Hizo 3 ni halali, tano zilizobaki ukizichukua ni za bila ruhusa, na siku tano ndizo zile mara 10 za rejista.

Usiombe wakati wa mitihani kama unaweza kukwepa: Mei kwa mwaka wa sita, Mei na Juni kwa wa GCSE (mitihani ya mwisho wa sekondari), Juni kwa mwaka wa kwanza wanaopimwa kusoma na wa nne wanaopimwa jedwali la kuzidisha.

Idi si likizo, ina mlango wake

Siku iliyotengwa na dini yako kwa ibada huandikwa kwa alama yake katika rejista, na haihesabiki kama kukosa bila ruhusa. Kwa kawaida ni siku moja kwa kila Idi. Tatizo letu ni mwezi: shule inataka tarehe mapema, na sisi ile Idi ya baada ya Ramadhani tunaijua usiku wa kuamkia. Andika zote mbili, "siku hii au inayofuata, kutegemea mwandamo wa mwezi", kisha tuma ujumbe ofisini usiku huo. Ila usiichanganye na kwenda kusherehekea Idi Unguja wiki nzima. Siku ya Idi itaruhusiwa, nyingine zitahesabiwa kama likizo. Umra nayo haina siku maalumu, kwa hiyo inaombwa kama safari nyingine yoyote.

Wakisema hapana

Unaweza kumwandikia tena mwalimu mkuu ukiongeza maelezo au ushahidi mpya. Omba dakika kumi uso kwa uso. Nimeona majibu yakibadilika mezani. Unaweza pia kupunguza siku, au kumwacha mtoto mkubwa kwa ndugu na kwenda na mdogo ambaye hajafika umri.

Kinachobaki ni kwenda na kulipa, au kutokwenda.

Usimwambie mtoto aseme alikuwa anaumwa. Nalisema hili kwa sababu linafanyika sana. Shule ikiwa na shaka inaweza kudai uthibitisho wa ugonjwa, inaweza kubisha hodi nyumbani, na simu yako ikiita kwa mlio wa ng'ambo wameshajua. Mtoto wa miaka saba anarudi na hina mpaka kwenye viwiko, kasukwa nywele mpya, anamweleza mwalimu jinsi mbuzi alivyochinjwa. Safari moja ya wazi iliyokataliwa inakugharimu pauni. Uongo ukigundulika unakugharimu kila ombi utakaloandika mpaka mtoto amalize shule hiyo.

Safari ndefu ni jambo jingine

Zikipita siku 20 za shule mfululizo bila ruhusa, au siku 10 baada ya ruhusa kuisha bila mtoto kurudi, shule inaweza kumfuta kwenye orodha, iwapo yenyewe na halmashauri wamemtafuta bila kumpata, au wamempata na kukubaliana kwamba hakuna sababu ya kuamini atarudi. Jibu barua pepe zao ukiwa huko. Mtu aliyeandika "tumekwama, baba bado yuko ICU, hii hapa barua" hajapotea. Aliyezima simu amepotea. Nafasi ikishachukuliwa, shule yenye foleni haikurudishii.

Angalia na posho. Ile ya mtoto huendelea kwa wiki 8 ukiwa nje kwa muda, 12 kama sababu ni matibabu au kifo. Universal Credit, ile ya wenye kipato kidogo, ni mwezi mmoja, unaongezeka hadi miwili ndugu wa karibu akifariki.

Waliotengana: mwenye amri ya mahakama kwamba mtoto aishi naye anaweza kumtoa nchini kwa chini ya mwezi mmoja bila idhini ya mwenzake. Wengine wote, pateni idhini ya maandishi. Kubebana juujuu uwanja wa ndege ni aibu isiyo na sababu.

Notisi ikishafika

Fungua siku hiyohiyo na uhesabu siku 21. Hakuna rufaa dhidi ya notisi. Unaweza kuiandikia halmashauri kama kuna kosa, kwa mfano jina si lako, siku zilikuwa na ruhusa, au mtoto hajafika umri, na wakikubali wataifuta. Nje ya hapo ni kulipa au kwenda mahakamani kwa kosa lenyewe la mtoto kutohudhuria, si kwa deni. Usitarajie kulipa kidogokidogo.

Ukilipa, jambo limekwisha na hukutiwa hatiani. Usipolipa na mahakama ikakutia hatiani, hiyo ni hukumu, na fomu ya kuomba uraia inauliza hukumu zote. Kwa wenzetu ambao bado wako kwenye safari ya karatasi, pauni 80 ni nafuu.

Na kila notisi ina namba yake. Ukilipa zako mbili usidhani umemlipia na mwenzako. Zake zina siku 21 zake, na simu ya kumkumbusha ni juu yako.